Umekosa siku zako? Anza na kalenda, si na tumbo

Swali linaloulizwa mno kuhusu mimba changa huwa hivi: "Nimekutana na mwenzangu siku tatu zilizopita, leo nasikia kichefuchefu na tumbo linavuta. Je, imeshika?" Siku ya tatu mwili wa mama bado haujapata habari. Hata kama mbegu imekutana na yai, kilichopo ni kifungu kidogo cha seli kinachosafiri ndani ya mrija wa uzazi. Hakijashika popote na hakijatoa homoni ya kumfikia mama. Kichefuchefu hicho kina sababu nyingine.

Yai likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zina subira zaidi: katika ute wa siku za rutuba zinaweza kungoja hadi siku 5, ndiyo maana tendo la Jumatatu linaweza kutunga mimba Ijumaa. Baada ya hapo kifungu hicho cha seli, yaani kiinitete, huteremka polepole hadi kwenye mfuko wa uzazi na kujipandikiza ukutani. Kwa wengi jambo hilo hutokea siku ya 8, 9 au 10 tangu yai lilipotoka, ingawa siku yoyote kati ya 6 na 12 inawezekana. Hapo ndipo seli zitakazokuja kuwa kondo la nyuma zinapoanza kumwaga homoni ya hCG kwenye damu ya mama, nayo ndiyo inayosomwa na kila kipimo cha mimba unachokijua. Huanza kidogo sana, kisha huongezeka takriban mara mbili kila baada ya siku 2 hadi 3.

Lakini kuna homoni nyingine inayowachanganya watu kuliko hCG: projesteroni. Yai likitoka, kifuko lilimotoka hugeuka kiwanda cha projesteroni kwa wiki 2 hivi, mimba iwepo isiwepo. Hiyo ndiyo inayofanya matiti yajae, tumbo lijae gesi, choo kiwe kigumu, usingizi uje mapema na hasira ziwe karibu. Mwanamke anayejikagua wiki moja kabla ya hedhi akitafuta dalili za mimba atazipata tu, kwa sababu dalili za hedhi na za mimba zimepikwa chungu kimoja. Zinaachana siku hedhi inapogoma kuja. Asiye na mimba, projesteroni hushuka, damu hutoka, matiti yanalegea. Mwenye mimba, hCG huamuru kiwanda kisifungwe, na dalili badala ya kupoa huzidi.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza tumbo, fungua kalenda.

Kuhesabu siku

Kukosa hedhi ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote za mwanzo, ila ina uzito kwa mwanamke anayejua mzunguko wake. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu kamili, ile ya kuhitaji pedi, hadi siku moja kabla ya damu kamili inayofuata. Matone ya kahawia yanayotangulia hayahesabiwi. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na kupishana kwa siku chache mwezi hadi mwezi si ugonjwa.

Kosa linalorudiwa ni kujipimia kwa siku 28 za kwenye vitabu. Chukua mizunguko yako mitatu ya mwisho. Ikiwa ilikuwa siku 27, 29 na 32, basi usiseme umechelewa siku ya 30. Umechelewa siku ya 33, yaani baada ya kuupita mzunguko wako mrefu. Ovari haina saa. Msongo wa mawazo, ugonjwa, au kupungua uzito ghafla vinaweza kuchelewesha yai kutoka, na yai likichelewa wiki moja, hedhi nayo huchelewa wiki moja bila mimba yoyote.

Kuna wanawake ambao kalenda haiwasaidii. Anayenyonyesha anaweza kubeba mimba kabla hajaona hedhi ya kwanza baada ya kujifungua, kwa kuwa yai hutangulia damu. Kinga ya kunyonyesha ni ya kuaminika tu mtoto akiwa chini ya miezi 6, akinyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na mama akiwa hajaona siku. Moja likivunjika, kinga imevunjika. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu anaweza kukaa miezi mingi bila hedhi na bila mimba. Aliyemeza kidonge cha dharura anaweza kuona damu mapema au kwa kuchelewa hadi wiki moja. Mwenye ovari za vifuko vingi, mwenye tatizo la tezi ya shingo, na aliyekaribia kukoma hedhi wote wanaweza kupitisha miezi miwili bila damu. Kwa watu hawa kanuni ni moja: pima siku 21 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga. Kufikia siku hiyo, kama mimba ilitunga, homoni imeshapanda vya kutosha kuonekana kwenye mkojo.

Na damu? Wapo wanaotokwa na matone machache karibu na siku ambayo hedhi ilitarajiwa. Huwa ya pinki au kahawia, huonekana zaidi kwenye karatasi ya kujifutia kuliko kwenye pedi, haina mabonge, na hukoma ndani ya siku moja au mbili. Watu huiita damu ya mimba kujipandikiza. Kwa maoni yangu dalili hii imepewa sifa kuliko inavyostahili: wengi waliobeba mimba hawakuiona kamwe, na hakuna mtu anayeweza kutazama matone mawili akajua yametoka wapi. Faida yake ni nyingine. Kama hedhi yako ya mwisho ilikuwa nyepesi na fupi kuliko kawaida yako, usiihesabu kuwa hedhi mpaka umepima. Wanawake wengi wamekosea umri wa mimba kwa mwezi mzima kwa sababu ya damu ya namna hiyo.

Hapo hapo, jambo ambalo limezua ugomvi katika nyumba nyingi. Umri wa mimba kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku ya tendo. Maana yake wiki 2 za mwanzo za hesabu hiyo mwanamke hakuwa na mimba kabisa. Siku hedhi inapokosekana, mimba inaitwa ya wiki 4, kumbe kiinitete kina wiki 2. Mume aliyerudi safarini wiki 6 zilizopita akisikia mkewe ana mimba ya wiki 8, asishike ukuta. Hesabu inakubali kabisa.

Mwili unavyosema

Matiti mara nyingi ndiyo ya kwanza kusema, kati ya wiki ya 4 na ya 6. Si maumivu tu. Huwa mazito, yanachomachoma kwa ndani, na chuchu hazitaki kuguswa hata na nguo. Kulala kifudifudi kunakuwa taabu. Mishipa ya bluu huanza kuonekana chini ya ngozi kwa wenye ngozi nyepesi, na baadaye kidogo duara la kuzunguka chuchu huwa jeusi zaidi na vipele vidogo visivyouma huinuka juu yake. Vipele hivyo ni vitezi vya mafuta ya kulainisha chuchu, usivikamue. Hali hii huwa kwenye matiti yote mawili. Titi moja likiuma na lina uvimbe, huo ni uchunguzi mwingine, uwe na mimba usiwe nayo.

Kichefuchefu huja baadaye kuliko watu wanavyodhani. Kwa wengi huanza karibu na wiki ya 6, yaani wiki 2 baada ya kukosa siku, hukaza karibu na wiki ya 9, na hupungua kufikia wiki ya 14 au 16. Huitwa cha asubuhi lakini hakijui saa; wengine hukipata jioni tu, wengine kutwa nzima. Wapo pia ambao hawakipati kabisa, na mimba yao haina kasoro. Kikianza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9, usikimbilie kuilaumu mimba. Tafuta sababu nyingine kwanza, kama maambukizi ya mkojo au vidonda vya tumbo. Kinachokipunguza kwa wengi ni kutoacha tumbo likawa tupu: kula kitu kikavu kidogo kabla ya kunyanyuka kitandani, halafu milo midogo kila baada ya saa 2, na kunywa maji kwa mafunda madogo kati ya milo badala ya kujaza tumbo kwa mkupuo.

Kichefuchefu kina mpaka wake. Ukishindwa kubakiza hata maji kwa saa 24, ukikaa saa 8 bila kukojoa au mkojo ukawa mweusi kama majani ya chai, au ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito (kwa mwenye kilo 60 hizo ni kilo 3), hiyo si "mimba ya kusumbua" ya kuvumiliwa nyumbani. Unahitaji dripu na dawa. Mtu anayekwambia kwamba kila mjamzito hutapika hajakuona ukizunguka kwa kizunguzungu.

Pua hubadilika kabla ya tumbo. Manukato uliyoyapenda yanageuka kero, mafuta yanayokaangwa nyumba ya tatu yanakufikia kitandani. Mate nayo huweza kujaa mdomoni kiasi cha kutembea na kikopo, au ladha ya chuma ikakaa ulimini. Hamu ya kula vitu visivyo chakula, kama udongo, mkaa au barafu tupu, si ushahidi wa mimba. Mara nyingi inaashiria upungufu wa madini ya chuma, na dawa yake ni kupima damu.

Uchovu wa mimba changa ni wa aina yake. Si ule wa kazi. Ni ule wa kukaa kwenye kiti saa tisa alasiri na macho yakajifunga yenyewe. Projesteroni hulegeza kila kitu, na presha ya damu hushuka kidogo, ndiyo maana ukisimama ghafla unaona nyota. Mkojo huongezeka kuanzia karibu na wiki ya 6 kwa sababu figo zinachuja damu nyingi kuliko awali na mfuko wa uzazi unaoanza kuvimba umekaa juu ya kibofu. Tofauti ya kuangalia hapa ni moja: mkojo wa mimba ni wa mara kwa mara lakini hauchomi. Ukichoma, ukanuka au ukawa na damu, peleka sampuli kliniki, maana maambukizi ya mkojo kwa mjamzito hupanda hadi kwenye figo kwa urahisi.

Ute wa ukeni pia huongezeka, mweupe wa maziwa, bila harufu mbaya wala muwasho. Ukiwasha na kuwa wa mabonge, hao ni fangasi, nao wana dawa salama. Tumbo la chini huvuta kama hedhi inataka kuja, na wengi hukaa na pedi kwenye mkoba siku 5 mfululizo wakiingojea damu isiyokuja. Mvuto mwepesi wa katikati, unaokuja na kuondoka, ni wa kawaida.

Kwa wanaopima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kunyanyuka, kuna dalili nzuri ambayo wengi hawaijui. Joto hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 baada ya yai kutoka na hushuka hedhi inapokaribia. Likikaa juu siku 18 au zaidi mfululizo, uwezekano wa mimba ni mkubwa. Lakini joto hilo ni dogo, halikufanyi utetemeke. Homa ya nyuzi 38 si dalili ya mimba hata siku moja. Ni ugonjwa, na mjamzito mwenye homa huwahi hospitali.

Utaona sijataja tumbo kuwa kubwa. Mfuko wa uzazi hautoki juu ya mfupa wa kinena mpaka karibu wiki ya 12. Tumbo linaloonekana wiki ya 5 ni gesi na choo kilichokwama. Mtoto kucheza ndiyo kabisa: kwa mimba ya kwanza husikika wiki ya 18 hadi 20, kwa aliyewahi kuzaa huenda wiki ya 16.

Kipimo cha mkojo, na pale kinapokosewa

Mistari miwili ya kipimo si uchawi. Ndani ya kijiti kuna ukanda wa karatasi uliowekwa kingamwili zinazoikamata hCG. Mkojo hupanda kwa kunywewa na karatasi, hubeba rangi, na kama hCG ipo, rangi hunaswa kwenye mstari wa T. Mstari wa C hutokea kila mara mkojo ukipita sawasawa. Kazi yake ni kukuambia kipimo kimefanya kazi. C isipotokea, hata T ikiwaka, tupa uchukue kingine.

Kwenye pakiti nyingi utakuta imeandikwa 25 mIU/ml. Hicho ndicho kiwango cha homoni ambacho kipimo huanza kukiona. Chukua mfano wa mwanamke ambaye leo ana 8 kwenye mkojo: kipimo kitasema hana mimba. Keshokutwa ana 16, bado hana. Baada ya siku 2 nyingine ana 32, na mistari miwili inatokea. Mimba ni ile ile, mwanamke ni yule yule. Alichokosea ni kupima mapema kwa siku 4. Ndiyo maana jibu la "hapana" kabla ya siku ya kukosa hedhi halina thamani kubwa, wakati jibu la "ndiyo" lina thamani siku yoyote.

Pima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, uliokaa kibofuni saa 4 au zaidi. Usinywe lita ya maji kabla ili "upate mkojo". Utaupata mwepesi usio na kitu. Tumia chombo kikavu kilichooshwa bila mabaki ya sabuni. Fungua karatasi ya kipimo wakati wa kutumia tu, kwa sababu unyevu wa hewa huharibu ukanda, na angalia tarehe ya kuisha. Ukanda mwembamba huchovywa wima, mkojo usivuke alama ya MAX, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukizamisha kupita alama, rangi huoshwa na jibu halisomeki. Kile cha bapa chenye kidirisha huwekewa matone 3 hivi kwa kidondoshi chake. Laza juu ya meza iliyo sawa, weka saa, soma dakika ya 3 hadi ya 5 kama pakiti inavyosema.

Ukishapita dakika ya 10, usikiangalie tena. Hili ndilo linaloliza watu. Mkojo ukikauka huacha kovu la kijivu mahali pa T, halina rangi, jembamba kama mkwaruzo. Mtu aliyekiokota kipimo kwenye ndoo ya taka jioni huliona na kuanza kushangilia au kulia bure. Mstari wa kweli una rangi sawa na C, ya pinki au bluu, hata kama ni hafifu sana, na una upana ule ule. Mstari hafifu wenye rangi uliotokea ndani ya muda ni mimba, hakuna "nusu mimba". Kama una shaka, ngoja saa 48 hadi 72 upime tena asubuhi. Ukiwa wa kweli utakolea.

Kipimo kinaweza pia kusema "ndiyo" wakati hakuna mimba inayoendelea. Baada ya kujifungua au mimba kuharibika, hCG huweza kubaki mwilini wiki kadhaa. Sindano za hCG za matibabu ya ugumba huonekana kama mimba. Mimba ya zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya kuwa vifuko vya maji, nayo hutoa homoni nyingi ajabu. Na wapo wanaopata mistari miwili kisha hedhi ikaja siku chache baadaye: mimba ilishika ikaachia mapema mno. Si kosa la mtu, na kwa kawaida haizuii mimba ijayo. Dawa za malaria, antibayotiki na vidonge vya majira havibadilishi jibu.

Upande wa pili upo mtego wa ajabu: mimba kubwa kidogo, ya wiki 8 na kuendelea, inaweza kutoa jibu la "hapana" au mstari uliofifia kwa sababu homoni ni nyingi mno hadi kingamwili zote zimejaa na rangi haina pa kushika. Ukiwa umekosa siku miezi miwili, matiti yamejaa, unatapika, na kijiti kinasema huna kitu, usibishane nacho. Nenda ukapimwe damu au ultrasaundi.

Kuhusu vipimo vya nyumbani vya kuchanganya mkojo na chumvi, sukari, dawa ya meno, shampuu au siki: hakuna hata kimoja kinachoijua hCG. Dawa nyingi za meno zina kaboneti, na mkojo una asidi. Ukivichanganya hutoa povu, uwe mjamzito, uwe bikira, uwe babu wa miaka 80. Asidi ya mkojo hubadilika na ulichokula, kwa hiyo povu leo lipo na kesho halipo. Dawa ya kufulia nguo nyeupe ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Usiijaribu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kipimo chanya hakikuambii mimba iko wapi. Kati ya kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mfuko wa uzazi, karibu zote ndani ya mrija, nazo huleta mistari miwili, matiti kuuma na kichefuchefu kama nyingine. Mrija hauna nafasi ya kukua. Hupasuka, mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 10, na damu humwagika tumboni bila kuonekana nje. Maumivu ya upande mmoja yanayozidi, matone ya damu ya kahawia yasiyoisha, maumivu ya ncha ya bega bila kuumia, kuhisi haja kubwa inayosukuma bila choo, kizunguzungu au kuzimia: usingoje kupambazuka. Tahadhari iwe maradufu kwa aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, na aliyepata mimba akiwa na kitanzi cha uzazi wa mpango.

Kutokwa na damu kidogo katika miezi 3 ya kwanza huwapata wengi, karibu mmoja kati ya wanne, na sehemu kubwa ya mimba hizo huendelea. Lakini pedi ikilowa kabisa ndani ya saa moja, na ya pili ikafuata, au damu ikaja na mabonge na homa, hiyo ni dharura. Mwenye kundi la damu hasi aseme hivyo mapema, kwa sababu anaweza kuhitaji sindano maalumu.

Mistari miwili imetoka

Anza asidi ya foliki siku hiyo hiyo, mikrogramu 400 kwa siku, na uendelee mpaka wiki ya 12. Haraka yake ina sababu. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga karibu na siku ya 28 tangu mimba kutunga, yaani wiki ya 6 ya hesabu ya kliniki, wakati wengi ndio kwanza wananunua kipimo. Ndiyo maana anayepanga mimba hushauriwa kuanza angalau mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari.

Toa dawa zako zote, uziweke mezani. Vidonge vya chunusi vyenye isotretinoini, wafarini ya kuzuia damu kuganda, methotrekseti, valproeti ya kifafa, dawa za presha za jamii ya captopril na enalapril, doksisaiklini: yote haya yanahitaji daktari ajue leo, si kliniki ya mwezi ujao. Lakini usizitupe mwenyewe. Kuacha ghafla dawa za kifafa, za VVU, za kisukari, za presha au za pumu kunaweza kumdhuru mama na mtoto kuliko dawa yenyewe. Mpigie anayekutibu akubadilishie. Kwa maumivu ya kichwa tumia parasetamoli, kwa kipimo cha kawaida na kwa siku chache. Pombe na sigara viishie hapo.

Tarehe ya kujifungua unaweza kuipata mwenyewe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza 10 Machi inakupa 17 Desemba. Kama mzunguko wako ni wa siku 35 badala ya 28, ongeza siku 7 nyingine. Ni makadirio, watoto wachache sana huzaliwa siku hiyo hiyo.

Kliniki ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi ya mwisho, urefu wa mizunguko yako, tarehe ya kipimo cha kwanza, dawa na mimba zilizopita. Ultrasaundi usiikimbilie siku ya kukosa hedhi. Ya kupitia ukeni huonyesha kifuko cha mimba karibu na wiki ya 5 na mapigo ya moyo karibu na wiki ya 6. Ya juu ya tumbo huchelewa takriban wiki moja zaidi. Anayepiga picha wiki ya 5 akaambiwa "hakuna mapigo" mara nyingi amewahi tu. Kama huna maumivu wala damu, uliza picha imesomwa kwa tarehe ipi, linganisha na kalenda yako, kisha omba kurudia baada ya siku 7 hadi 14 kabla ya kukubali uamuzi wowote.